Simu Moja Yatosha Darasani

Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, wengi wetu tukiwa tumeshalala, Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba shule hazingefunguliwa asubuhi hiyo kwa sababu ya mafuriko. Kufikia alfajiri grupu ya WhatsApp ya wazazi wa darasa langu ilikuwa inachemka. "Hiyo ni feki," akaandika Mama Brayo. Baba mmoja alikuwa tayari kwenye steji ya Umoja, hapa Nairobi, mtoto na sare yake. Mwingine akaniuliza, "Mwalimu, ni kweli ama tunachezewa?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepokea taarifa ileile waliyopokea wao, imefowadiwa mara nyingi.

Tulipofungua Mei 13, nikaamua kipindi cha barua rasmi cha Gredi ya Saba kiende na taarifa hiyo. Sikuhitaji tableti wala projekta. Nilitoa nakala saiba: ile taarifa ya kweli, pamoja na jumbe mbili za uongo nilizozichota kwenye grupu. Makundi 15, karatasi tatu kila kundi, shilingi 10 kila karatasi. Hesabu unaijua, na mwalimu mkuu hajanirudishia hadi leo.

Swali lilikuwa moja tu: ungeamini ipi, na kwa nini? Msichana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hanyooshi mkono, akasema ujumbe mmoja umeandika "Jumatatu Aprili 30" ilhali tarehe 30 ilikuwa Jumanne. Kijana mwingine akauliza mbona barua haina sahihi wala cheo cha aliyeiandika. Halafu likaja lililonifurahisha zaidi: "Mwalimu, Wizara haiwezi kuandika *wazazi yote*." Miaka yote hiyo nimehubiri upatanisho wa kisarufi ubaoni watoto wakisinzia, kumbe ngeli ya A-WA ilikuwa inangoja kazi ya upelelezi.

Hicho ndicho ninachokiita kufundisha kwa mitandao ya kijamii. Kile ambacho shule nyingi za Nairobi hukiita hivyo mimi nakiita posta. Tangu shule zifungwe Machi 2020 kwa sababu ya korona tulizoea kutupa kazi ya ziada kwenye grupu, na mtaala wa umilisi ukaongeza mzigo: piga picha, rekodi video, tuma. Nani anafundishwa hapo? Mama anayeuza mitumba Gikomba anafika nyumbani saa mbili usiku, mtoto amemngoja kwa sababu simu ni moja. Video ya mwalimu inakula bando yote kabla haijafunguka, na wakati mwingine tokeni ya stima nayo imeisha. Kesho mtoto anaulizwa kazi iko wapi.

Wapo wenzangu kwenye majilisi, chumba chetu cha walimu, wanaotaka tuende mbali zaidi, wanafunzi wafungue akaunti wapeleke insha zao TikTok. Nawapinga. TikTok yenyewe haitaki mtoto wa chini ya miaka 13, na WhatsApp vilevile. Nusu ya Gredi ya Saba yangu ina miaka 12. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya hilo zoezi itakuwa kudanganya kuhusu umri, kwa idhini ya mwalimu. Kuhusu simu za wanafunzi shuleni sitaki hata kuanza, zibaki nyumbani.

Na hizi video za watoto wakicheza densi darasani, mwalimu akihesabu likes! Sheria ya Ulinzi wa Data ipo tangu 2019 na inataka idhini ya mzazi. Septemba 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo. Pesa hizo zingejenga madarasa.

Simu iwe ya mwalimu, kilichomo kiletwe darasani kwa karatasi, kikatwekatwe.

Muhula huu nataka kuleta yale matangazo ya kazi za Ghuba yanayozunguka kwenye magrupu: mshahara mnono, tiketi bure, piga namba hii leo. Ni somo zuri la lugha ya ushawishi, na maswali yake nimeshayaandika. Lakini darasa langu lina watoto watatu ambao mama zao wako Saudia, na mmoja wao hukaa dawati la mbele kabisa. Karatasi ziko kwenye mkoba wangu wiki ya pili sasa.