Si kila tofali kuukuu ni la Mjerumani

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp mtu karusha picha ya kile kinu cha zamani cha pamba, kiwanda cha kutenga nyuzi na mbegu, kule ufukweni. Mabati yameoza, popo wanaingia na kutoka watakavyo. Chini yake kaandika: "Kazi ya Mjerumani hii. Jamaa alikuwa na akili sana." Wakafuata washangiliaji, dole gumba juu ya dole gumba. Hata watu ambao baba zao walibeba magunia mle ndani nao wamepiga dole.

Jamani, nimechoka na huyu Mjerumani. Huku Kanda ya Ziwa jengo likiwa na ukuta mnene na nyufa mbili tu, basi ni lake. Daraja lake, kisima chake, hata mwembe kapanda yeye. Mwingereza aliingia Mwanza Julai 1916. Vyote hivyo Mjerumani alivijenga saa ngapi, usiku?

Haya, jumba la Gunzert, mkuu wa wilaya wa Kijerumani, pale mjini ni lake, simnyang'anyi. Na pamba kweli aliihimiza, kwa namna yake. Waulizeni watu wa kusini pamba ya kulazimishwa ilichangia nini katika Majimaji mwaka 1905.

Vinu vyetu hivi vingi ni vya enzi ya Mwingereza, na wenyewe walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi. Walileta mashine na mtaji, na haki yao hiyo wapewe. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, robota la pamba likapata njia ya moja kwa moja hadi Dar es Salaam badala ya kuvushwa ziwa mpaka Kisumu. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu ni juu ya mizani. Babu yangu hakuwahi kusema amekwenda kuuza pamba. Alisema, "Nilikwenda kuibiwa." Umelima, umepalilia, umechuma. Bibi na watoto wamekaa mkekani usiku, kibatari katikati, wanatenga pamba safi huku na fifi, ile hafifu, kule, maana bei si moja. Unafika kwa mnunuzi, anagusa mizani kwa namna anayoijua mwenyewe, anataja uzito kwa ratili, na wewe huna la kumjibu kwa sababu ile sahani ya namba huwezi kuisoma. Unapokea, unashukuru, unarudi nyumbani.

Walichofanya wakulima wa Usukuma ndicho ningependa kilitie haya kundi zima. Walitafuta vijana wao wanaojua kusoma, wakawasimamisha pale pale kando ya mizani ya mnunuzi, wapime na kuhakiki. Kijana mmoja na kalamu, anamtazama mnunuzi usoni! Kutoka hapo mambo yakaenda mbio. Mwaka 1952 Paul Bomani na wenzake wakaunda chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa. Mwaka 1955 vyama vya msingi vikaungana chini ya Victoria Federation, na ushirika huo ukaanza kumiliki vinu vyake wenyewe, kwa fedha zilizotokana na pamba ya wanachama. Bendera ya Uhuru ilipopanda Desemba 1961, mkulima wa Magu na Geita alikwisha kuwa na hisa kwenye kiwanda. Bomani akaingia serikalini. Leo mjukuu wa mkulima yule yule anamshukuru Mjerumani kwa simu.

Na mle ndani, mnajua kazi ilivyokuwa? Rola imevikwa ngozi, inazunguka ikivuta nyuzi, kisu kimeibana, kisu kingine kinapanda na kushuka kikigonga mbegu zidondoke chini. Ngozi ikiisha makali, rola haishiki tena, lazima ichongwe upya mifereji. Theluthi moja tu ya ulichomwaga ndiyo inatoka nyuzi. Kubwa la mzigo ni mbegu, zinakwenda kukamuliwa mafuta na mashudu wanakula ng'ombe. Vibarua walitoka zamu na nyusi nyeupe kama wazee wa miaka mia, na kikohozi ambacho sijasikia mtu akikiandikia historia.

Najua mtaniambia ushirika nao uliibiwa. Ndiyo, uliibiwa, tena na watoto wetu wenyewe, wengine wakajenga maghorofa. Serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, ikavirudisha miaka ya themanini vikiwa hoi, soko likaachwa huria mwaka 1994, na vinu vingi vikabaki na popo. Haya yote ni kweli, na hayamfanyi Mjerumani kuwa mjenzi.

Kinachonikera zaidi ni kwamba ushahidi upo na unakwisha. Wanunuzi wa chuma chakavu wanakata mashine kwa gesi, wanauza kwa kilo, na hakuna anayesoma hata bamba lenye jina la mtengenezaji kabla halijapakiwa. Madaftari ya vyama vya msingi yanaliwa na mchwa kwenye maghala. Lakini risiti za pamba wazee wetu walizitunza, nyingine ziko ndani ya Biblia, nyingine kwenye masanduku ya bati chini ya vitanda. Mwenye risiti ya babu yake aipige picha, mbele na nyuma. Nyuma asiisahau, maana huko ndiko mzee alikuwa akiandika ratili alizopima mwenyewe nyumbani.