Shilingi 39: kiapo cha jopo la Old Bailey

Anayesoma kumbukumbu za kesi za wizi za Old Bailey, mahakama kuu ya jinai ya London, za karne ya 18, hawezi kupita bila kukwama mahali pamoja. Mwenye duka anaapa kwamba kitambaa kilichoibwa ni cha shilingi 6. Hakuna anayembishia. Kisha raia 12 wa jopo wanatamka: ana hatia, thamani shilingi 4 na peni 10. Blackstone, mwanasheria aliyesomwa kuliko wenzake wote wa enzi hiyo, alikiita kitendo hicho uongo wa kiapo, ingawa alikiri kuwa ni uongo wa huruma. Wasomaji wa leo hawampi jopo hata nafuu hiyo. Wanaona unafiki tu.

Lakini ziangalie sheria zenyewe. Mali isiyofika peni 12, yaani shilingi moja, ilikuwa wizi mdogo: viboko, na kuanzia 1718 hata miaka 7 ya uhamisho Amerika. Kuiba dukani kwa siri mali ya shilingi 5 adhabu yake ilikuwa kitanzi, kwa sheria ya 1699. Ndani ya nyumba ya mtu, kitanzi kilianzia shilingi 40, kwa sheria ya 1713. Ukijua hivyo, thamani zilizotamkwa na majopo, peni 10, shilingi 4 na peni 10, na shilingi 39, zinasomeka vingine kabisa. Jopo halikuwa na mamlaka juu ya adhabu. Thamani ya mali ndiyo mlango mkuu lililoachiwa, likaupitia.

Na mlango wenyewe ulikuwa umechakaa. Mpaka wa peni 12 uliwekwa 1275. Karne ya 17, mwanahistoria Henry Spelman alikwisha kulalamika kwamba kila kitu kimepanda bei isipokuwa uhai wa binadamu. Kufikia katikati ya karne ya 18, kibarua wa ujenzi London alilipwa karibu shilingi 2 kwa siku. Piga hesabu: nusu siku ya kubeba matofali ndiyo iliyotenganisha wizi mdogo na mkubwa, na siku mbili na nusu zilitosha kumfikisha mwizi wa dukani kwenye mti wa Tyburn, mahali pa kunyongea watu London. Je, jopo lililokataa bei ya 1275 ndilo lililopotosha ukweli, au sheria iliyoing'ang'ania?

Mwenye mali naye alikuwa na uzito wake. Hakukuwa na mwendesha mashtaka wa serikali: aliyeibiwa ndiye aliyemfikisha mwizi kwa hakimu wa amani, akamlipa karani aandike hati ya mashtaka, akaleta mashahidi mbele ya jopo la awali lililosikiliza upande wake peke yake. Sheria ya 1752 ilianza kumrudishia gharama aliyekuwa maskini, tena mshtakiwa akitiwa hatiani tu. Ndiyo maana wengine walishusha thamani wao wenyewe kwenye hati. Hawakutaka damu ya mtu kwa ajili ya soksi.

Kesi yenyewe kwa kawaida haikufika nusu saa. Mshtakiwa alijitetea kwa mdomo wake, bila kiapo. Wakili, kwa aliyemudu, aliruhusiwa kuanzia miaka ya 1730 kuhoji mashahidi, lakini kulihutubia jopo ni hadi 1836. Palikuwa na upenyo wa pili: neno “kwa siri”. Mfanyakazi wa duka akisema alimwona mwizi akificha utepe chini ya joho, wizi haukuwa wa siri tena, na kitanzi kinaanguka hata kama bei imesimama palepale.

Hoja ya upande wa pili si nyepesi. Aliyekuwa na bwana wa zamani wa kumtolea ushahidi wa tabia njema alipona. Mgeni wa jiji asiyejulikana na mtu hakuwa na wa kumsemea. Samuel Romilly, mbunge aliyepigania kurekebisha sheria za jinai, aliliambia Bunge kwamba adhabu isiyotabirika humfanya mwizi acheze kamari. Ni kweli. Na miaka 7 ya kazi ya kulazimishwa Maryland, huko Amerika, kwa mali “ya peni 10” ni huruma ya kupimia kijiko. Hata hivyo, Romilly alikuwa akiishitaki sheria. Mswada wake wa kuondoa kitanzi kwa wizi wa dukani ulikataliwa na Baraza la Mabwana, baraza la juu la Bunge, mwaka 1810. Majopo yalikuwa yakifanya kazi hiyo tangu kabla babu zao hawajazaliwa.

Mwaka 1827 Bunge lilipandisha kizingiti cha wizi wa nyumbani kutoka shilingi 40 hadi pauni 5, yaani shilingi 100. Majopo yakaanza kukuta mali za pauni 4 na shilingi 19. Mwaka 1832 kitanzi kikaondolewa kwa kosa hilo.