Watoto Wana Skeiti, Malindi Haina Pa Kutelezea

Inakera kuishi katika mji wenye fukwe, hoteli na wageni wa kila taifa, halafu mzazi anayetafuta sakafu laini ya kutelezea skeiti na wanawe, karibu na nyumbani, akose hata mahali pamoja. Magurudumu ya ubao wa skeiti yana kipenyo cha takriban milimita 50 hadi 60, kwa hiyo pengo dogo kati ya matofali mawili ya kabro hutosha kuyanasa, ubao ukasimama ghafla na mtoto akaendelea mbele peke yake hadi magoti yakachubuka. Barabara ya lami ni laini, lakini ina wenyewe, yaani tuktuk na bodaboda, ambazo hazimpishi mtu mzima sembuse mtoto. Ufukweni, ambako kila mtu hutuelekeza kana kwamba hatujawahi kupaona, mchanga na chumvi huingia kwenye beringi zikashika kutu. Maegesho tuliyoyazoea yalifaa, mpaka askari wake alipoanza kutufukuza hata Jumapili asubuhi, wakati hakuna gari hata moja. Basi tunaambiwa twende Mombasa, kilomita zipatazo 120, eti mtoto akateleze saa moja!

Mchezo huu uliingia Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, na Momiji Nishiya wa Japani akatwaa dhahabu akiwa na miaka 13. Sisi hatuombi medali. Tunaomba saruji iliyosawazishwa vizuri, mteremko mdogo, kivuli cha mwarobaini, benchi la wazazi, na askari asiyetuona wahalifu.