Ninga wa Ngezi na Chozi wa Shangazi

Kwa muda mrefu niliamini kwamba kutazama ndege ni shughuli ya watalii wenye darubini shingoni, na rafiki yangu aliponialika Pemba kwa ajili hiyo nilikubali kwa sababu moja tu: shangazi yangu anaishi Konde, nami nilikuwa sijamzuru kwa miaka minne.

Tuliingia msitu wa Ngezi alfajiri. Kwa saa nzima sikuona kitu ila majani, kwani sikujua bado kwamba katika msitu mnene sikio hutangulia jicho. Ndipo rafiki yangu aliponishika bega, akanigeuza kuelekea mkuyu uliojaa matunda. Ninga, njiwa mla matunda, alikuwa pale, mwili wa kijivu na kijani, baka la zambarau begani, ameinama kulifikia tunda hata nikadhani ataanguka. Ninga huyo wa Pemba hapatikani kwingine duniani, na ndivyo walivyo pia bundi mdogo wa kisiwani, chozi wake anyonyaye maji ya maua, na kindege wa manjano mwenye duara jeupe machoni.

Jioni nilimsimulia shangazi kwa majivuno, naye akaendelea kukuna nazi. "Na chozi hukumwona, mwanangu? Si huyo hapo." Hatua mbili kutoka kwenye mbuzi yake, dume lilikuwa limetumbukiza mdomo katika ua la mgomba, likimetameta kama hariri kila lilipogeuka.

Maoni yangu, basi, ni kwamba tunakosea tunapowafundisha vijana wanaoongoza wageni kukariri majina ya kigeni kabla ya kuwauliza wazee wao wanamwitaje mdiria, hondohondo au yangeyange. Sisemi kwamba ujuzi wa nyumbani unatosha: Tanzania ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na neno chozi peke yake hubeba nyingi, hivyo daftari la rafiki yangu lina kazi yake. (Darubini ya kuazima nayo inatosha kabisa.)

Usiku bundi alilia, "hu" moja, kimya, kisha "hu" nyingine. Rafiki yangu alihesabu sekunde kati ya milio. Shangazi alivuta uradi na kufunga dirisha, kwa kuwa kwake bundi ni mkosi. Nilijaribu kumweleza kwamba ndege huyo ni wa Pemba pekee.

"Basi na abaki huko huko msituni," alijibu, lakini asubuhi aliniuliza, kwa sauti ya chini, ana rangi gani.