Mfuniko Hunan, Chombo New York

Min fanglei ni chombo cha pombe cha shaba, kilichosubiwa China zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Kilifukuliwa katika jimbo la Hunan mwanzoni mwa karne ya 20. Mfuniko ukabaki huko, kiwiliwili kikavuka bahari. Mwaka 2001 kiwiliwili kilinadiwa New York kwa zaidi ya dola milioni 9. Mwaka 2014, kilipokaribia kunadiwa tena, wakusanyaji wa Hunan walikinunua kabla ya mnada, kikaungana na mfuniko wake. Pesa za wakusanyaji zilikitenga, pesa za wakusanyaji zikakirudisha. Sasa umpe nani haki?

Wapenzi wa vyombo hivi wana hoja nzito. Mwaka 1092 msomi wa China, Lü Dalin, alikusanya michoro na maandishi ya vyombo vya kale, vya ikulu na vya nyumba za watu binafsi. Vingi vimeshapotea; tumebakiwa na michoro tu. Bila matajiri wale na kabati zao, hata hiyo tusingeipata.

Lakini nenda Anyang, mji wa kale wa China. Mwaka 1976 lilifunguliwa kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding, ambalo wezi hawakuwahi kuligusa. Humo mlikuwa na vitu vya shaba zaidi ya 460, silaha zikiwemo, vingi vikiwa na jina lake, na kauri zaidi ya 6,000 (ndiyo, simbi hizi hizi za ufukweni). Kwa kuwa vilikutwa pamoja, mwanamke aliyetajwa kwenye mifupa ya ramli kuwa aliongoza majeshi akapata kaburi, mali na zama zake. Mwizi angeuza shaba kimoja kimoja na kauri angezimwaga.

Ndiyo maana mimi naegemea upande wa kaburi, ingawa kwa vyombo vilivyotoka ardhini karne nyingi zilizopita sioni kosa la mwenye navyo. Tatizo ni vya juzi. Soko limejaa vya kughushi, vyenye kutu ya kijani iliyobandikwa kwa gundi, hivyo mnunuzi akiona udongo umeganda ndani ya mguu wa chombo hupumua: hiki ni cha kweli. Huenda ni cha kweli. Ila udongo huo huo unamwambia kwamba kimetoka shimoni karibuni, usiku, na hati ya asili yake anayoonyeshwa imeandikwa baadaye.