Kabla ya Kumuuliza Mgombea Anaabudu Wapi

Miaka kadhaa iliyopita mgombea mmoja wa ubunge alikuja kusali nasi, zikiwa zimebaki wiki tatu tu kabla ya siku ya kupiga kura. Alikaa mstari wa mbele, alizijua nyimbo zote, na alipopewa nafasi ya kusalimia alisoma Zaburi ya 23 kwa moyo, bila kutazama kitabu, jambo lililowafurahisha wengi, nami nikiwemo. Baada ya ibada msaidizi wake alimkabidhi mhazini wetu bahasha nene. Mhazini alikuwa mzee mpole, mstaafu, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote pale. Alifungua kitabu cha stakabadhi, akapachika karatasi ya kaboni kati ya kurasa mbili, akainua macho. "Mheshimiwa, niandike fedha hizi zimetoka kwa nani?" Mgombea alitabasamu, msaidizi akacheka na kusema iandikwe tu kwamba ni za mtu aliyeguswa na neno. Mzee alisubiri kidogo, kalamu ikiwa juu ya karatasi, kisha akaandika "mgeni", akaandika kiasi, akachana nakala na kuinyoosha. Hakuna aliyeipokea. Ilibaki mezani.

Nimeikumbuka nakala ile mara nyingi, kwa sababu kila msimu wa uchaguzi unapokaribia, waumini tunapewa orodha ya mambo yanayodhaniwa kuwa ndiyo yetu: utoaji mimba, ndoa, mafundisho ya dini shuleni, mahakama za kidini, uhuru wa kuabudu. Swali la mzee yule, kwamba fedha hii ni ya nani na nani atakuja kuitolea hesabu, ni nadra kuingia katika orodha hiyo, na likiingia huwekwa mkiani, baada ya yale yanayoitwa maadili, kana kwamba uaminifu katika mali ya umma hauhusiani na maadili. Maoni yangu ni kwamba suala la amana ndilo linalostahili kutangulia, na nitajitahidi kueleza kwa nini, bila kuyadharau yale mengine.

Nianze na jambo ambalo wanasiasa wenyewe hulisahau. Muumini anapoingia kwenye kituo cha kupigia kura haachi nje tumbo lake, ada za watoto wake wala hofu zake. Nchini Marekani, ambako waumini wa kiinjili, yaani Waprotestanti wanaosisitiza wokovu na Biblia, hutajwa kama mfano wa wapigakura wa suala moja, utafiti wa taasisi ya Pew wa mwaka 2016 uliwakuta wapigakura weupe wa kundi hilo wakiutaja uchumi na ugaidi kuwa mambo mazito katika uamuzi wao, wengi zaidi kuliko walioutaja utoaji mimba. Nchini Kenya, kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 ilikuja huku viongozi wengi wa makanisa wakiwahimiza waumini waikatae rasimu ya katiba, kwa sababu ya kipengele cha Mahakama za Kadhi na maneno ya ibara ya 26 kuhusu utoaji mimba. Wakenya wengi ni Wakristo. Hata hivyo takriban theluthi mbili ya waliopiga kura waliikubali katiba ile, ambayo pamoja na mambo hayo mawili ilileta serikali za kaunti na sura nzima kuhusu uongozi na uadilifu. Sisemi kwamba waliasi dini yao. Nadhani waliisoma rasimu yote, wakapima, wakaona kwamba yaliyo mazito kwa muumini ni mengi kuliko yale mawili waliyotajiwa mimbarini.

Kupima huko kunahitaji swali ambalo kwangu ni la kwanza kabisa: kiti hiki kinachogombewa kina mamlaka juu ya nini? Diwani hawezi kubadili sheria ya ndoa. Mbunge mmoja hawezi kuifuta hukumu ya mahakama ya juu. Lakini diwani huyo huyo atakaa katika vikao vinavyoamua kama zahanati itajengwa, na mbunge huyo huyo atapiga kura juu ya bajeti inayoamua kama zahanati hiyo itakuwa na dawa. Mgombea wa kiti cha aina hiyo anapotumia kampeni nzima kuapa kwamba atailinda ndoa, anajipatia sifa bila gharama yoyote, kwa sababu anatoa ahadi ambayo hakuna atakayeweza kumdai. Muumini anayeshangilia ahadi hiyo amekubali kulipwa kwa hundi ya benki isiyokuwepo.

Haki inanitaka niseme upande wa pili pia. Kuna viti ambavyo vina mamlaka juu ya masuala hayo, na hapo anayepiga kura kwa ajili ya suala moja hafanyi upumbavu. Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua mwaka 1973 kwamba katiba inalinda haki ya kutoa mimba, waumini waliopinga uamuzi ule walielewa kwamba njia ya kuubadili inapitia kwa rais, ambaye ndiye anayeteua majaji, na kwa Seneti, ambayo ndiyo inayowathibitisha. Walisubiri karibu miaka 50. Mwaka 2022 uamuzi ule ulibatilishwa, na kati ya majaji waliounga mkono kubatilishwa huko, watatu walikuwa wameteuliwa na rais mmoja aliyechaguliwa mwaka 2016. Mtu anayeamini kwamba kiumbe kilicho tumboni ni binadamu kamili hawezi kuambiwa kwamba suala hilo ni dogo kuliko bei ya mafuta. Kwa mujibu wa imani yake, ni suala la uhai na mauti. Ninachomwomba ni uthabiti tu. Ikiwa uhai ndio kigezo, basi mama anayefia wodini kwa kukosa damu, mfungwa anayefia mahabusu na kijana anayepigwa risasi barabarani wamo ndani ya kigezo hicho hicho, na mgombea aulizwe habari zao kwa sauti ile ile.

Sasa nirudi kwenye amana. Vitabu vyenyewe, vinapofika mahali pa kueleza mtu anayefaa kukabidhiwa madaraka, havizungumzi kwa mafumbo. Katika Kutoka 18:21, mkwe wake Musa anampa sifa za watu wa kuwaweka juu ya wengine: wawe na uwezo, wamche Mungu, wawe wa kweli, na wachukie mapato ya dhuluma. Kumcha Mungu kumo, lakini hakukuachwa peke yake. Kumezungukwa na sifa tatu ambazo jirani yako anaweza kuzikagua. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, amri ya kurudisha amana kwa wenyewe imefungamanishwa katika aya moja na amri ya kuhukumu kwa uadilifu. Nabii Yusuf, katika aya ya 55 ya sura yenye jina lake, anapoomba asimamie hazina za nchi hajinadi kwa nasaba ya babu zake wala kwa wingi wa ibada zake, ingawa angeweza. Anasema kwamba yeye ni mlinzi na ni mjuzi. Anayaomba hayo kwa mfalme asiyekuwa wa imani yake, kwa ajili ya watu wengi wasiokuwa wa imani yake, ili wasife kwa njaa. Naye Samweli, alipokuwa akiwaaga Waisraeli, aliwasimamisha watu wote na kuwauliza kama yupo ambaye yeye Samweli alimnyang'anya ng'ombe au punda, au ambaye kutoka mkononi mwake alipokea rushwa. Sijawahi kumsikia mgombea anayetetea kiti chake akiuliza swali hilo mbele ya umati na kusubiri jibu.

Tatizo ni kwamba kigezo hiki kinatugeuka sisi wenyewe upesi sana pale ambapo mgombea ni wa kwetu. Taasisi ya utafiti ya PRRI iliwauliza Wamarekani kama kiongozi aliyefanya maovu katika maisha yake binafsi bado anaweza kutenda kwa uadilifu katika kazi ya umma. Mwaka 2011, waumini weupe wa kiinjili waliosema ndiyo walikuwa asilimia 30. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 72. Dini haikubadilika ndani ya miaka mitano, wala hapakuzuka mafundisho mapya ya toba. Kilichobadilika ni aina ya mgombea aliyekuwa mbele yao. Nisingependa msomaji aliye mbali na Marekani acheke sana, maana nimewasikia watu wa imani yangu wakimtetea mtu wetu kwa hoja ambazo wangezitupa dirishani kama zingetolewa kumtetea mtu wa wengine.

Zambia inatoa somo la karibu zaidi. Tarehe 29 Desemba 1991, wiki chache tu baada ya kuapishwa, Rais Frederick Chiluba aliitangaza nchi kuwa taifa la Kikristo, na mwaka 1996 tamko hilo likaingizwa katika utangulizi wa katiba. Peke yake alikuwa kama mkutano mzima wa injili. Waumini wengi waliona sala zao zimejibiwa. Baada ya kuondoka madarakani alikabiliwa na mashtaka ya ufisadi. Mahakama Kuu ya London, katika kesi ya madai, iliamua mwaka 2007 kwamba aliwajibika pamoja na wenzake kwa dola za Marekani milioni 46 za umma. Mahakama nchini kwake ilimwachilia huru katika kesi ya jinai mwaka 2009, na yeye mwenyewe alikana hadi mwisho. Simhukumu marehemu. Ninachokiona ni kwamba tamko la Desemba halikumsaidia Mzambia yeyote kujua fedha zake zilikwenda wapi, na kwamba kulitoa hakukuhitaji uaminifu wowote ambao ungeweza kupimwa.

Nchi ya jirani, Malawi, ilipitia karibu wakati ule ule jambo ambalo kwangu ndilo mfano bora wa muumini anayeitumia dini yake katika siasa. Machi 1992, maaskofu saba wa Kikatoliki walitoa waraka wa kichungaji uliosomwa makanisani Jumapili moja, wakati Rais Kamuzu Banda, mzee wa kanisa la Kipresbiteri, alipokuwa ametawala tangu uhuru wa mwaka 1964. Waraka ule ulizungumzia umaskini, shule zilizofurika, hospitali zisizotosha, rushwa, na watu kuogopa kusema. Maaskofu waliitwa na polisi wakahojiwa. Mwaka uliofuata, katika kura ya maoni ya Juni 1993, Wamalawi waliuchagua mfumo wa vyama vingi kwa zaidi ya asilimia 60, na mwaka 1994 nchi yenye Wakristo wengi ikamchagua Bakili Muluzi, Mwislamu, dhidi ya Banda. Najua kura za mwaka ule zilifuata sana kanda anakotoka mtu, na sitaki kuzipamba. Lakini hata ukiliondoa hilo, inabaki kweli kwamba mamilioni ya waumini waliingia katika uchaguzi ule baada ya kuambiwa na viongozi wao wa dini kwamba hospitali na woga wa kusema ni mambo ya Mungu.

Kuhusu uhuru wa kuabudu sina mengi. Ni suala zito pale unapotishiwa, na njia ya kumpima mgombea ni fupi: muulize atawatendea nini wale ambao dini yao huipendi. Akisema atawabana, basi anachokuahidi wewe ni upendeleo, na upendeleo humfuata aliye madarakani, leo kwako na kesho kwa mwingine.

Swali gumu linabaki, nami sitalikwepa. Ufanye nini pale mgombea mwaminifu, mwenye rekodi safi ya fedha, anapopinga jambo ambalo dini yako inalihesabu kuwa kubwa, huku mpinzani wake anayeliunga mkono akijulikana mtaani kwa mikono mirefu? Limenitokea mara moja. Nilikaa na ilani zote mbili siku tatu, nikauliza kwanza swali langu la mamlaka, nikaona kwamba kiti kile kingepitisha bajeti nne au tano na pengine kisiliguse lile jambo kubwa hata mara moja. Nilimpigia kura yule mwaminifu. Sikutoka kituoni nikiwa na furaha. Baada ya kuapishwa kwake nilimwandikia barua kumweleza kwamba kura yangu haikuwa idhini ya msimamo wake katika suala lile, na kwamba ningemdai hesabu ya mengine. Alinijibu kwa sentensi mbili: ya kwanza kwamba barua ameipokea, ya pili kwamba msimamo wake haujabadilika.