Ukinunua lupangu Lubumbashi, usianze kwa kuuliza umbali wa chuo

Hapa Lubumbashi, mtu mwenye kazi chuo kikuu, au mwenye watoto wanaosoma huko, akishapata dola za kununua nyumba hugeuza macho moja kwa moja kwenye barabara ya Kasapa, kaskazini mwa mji, iliko kampasi kubwa. Sababu zake zinajulikana: nauli itapungua, watoto watatembea kwa miguu, majirani watakuwa watu waliosoma, na hali ikiwa ngumu atapangisha vyumba viwili kwa wanafunzi. Kwa miezi kadhaa sasa mimi na mke wangu, ambaye ndiye mfanyakazi wa chuo katika nyumba yetu, tumekuwa tukitafuta lupangu, yaani kiwanja chenye nyumba, la kununua, na kadiri tunavyotembea ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ukaribu na chuo ni jambo la nne au la tano. Yanayotangulia ni maji, upepo na karatasi. Katika mizani hiyo, komini zetu za zamani (komini ni wilaya za mji), ambazo wasomi wengi huzipita wakielekea kaskazini, zinastahili kutazamwa upya.

Hata huo ukaribu wenyewe unahitaji kufafanuliwa. Chuo chetu kilianzishwa mwaka 1955, wakati mji ukiitwa Elisabethville; kikamezwa na chuo kikuu kimoja cha taifa mwaka 1971, na mwaka 1981 ndipo kilipopata jina la Chuo Kikuu cha Lubumbashi tunalolitumia leo. Katika safari hiyo ndefu hakijakusanywa mahali pamoja. Kampasi kubwa na mabweni yako Kasapa, lakini vitivo vingine vimebaki katika majengo ya mjini. Mhadhiri anayefundisha mjini na akajenga Kasapa kwa sababu "chuo kiko Kasapa" hukutana kila asubuhi na wanafunzi wa mjini wanaopanda kwenda Kasapa, naye akishuka. Kwa hiyo swali la kwanza ni dogo kuliko linavyoulizwa: wewe, kwa kazi yako, unaingia mlango gani, na mara ngapi kwa juma?

Kuhusu vyumba vya kupangisha sitasema mengi. Anayenunua ili apangishe na anayenunua ili alale hapo na familia yake wanafanya biashara mbili tofauti, na wengi huzichanganya. Mpangaji mwanafunzi hulipa vizuri mwaka wa masomo unapokwenda vizuri. Walimu wakigoma au mwaka ukirefuka, yeye hurudi kwa wazazi wake Likasi au Kolwezi, na mwenye nyumba hubaki na chumba kitupu na choo kilichojaa. Ukiweka hesabu ya kodi ndani ya bei unayokubali kumlipa muuzaji, tayari umemlipa kwa fedha ambazo hujazipata.

Sasa maji. Mabomba ya Regideso, shirika la maji, hayajafika kila mahali mji ulikotanuka, na hapo ambapo yamefika, bomba si ahadi ya maji. Kwa hiyo katika viwanja vingi vipya maji ni ya kisima au ya foraji, yaani kisima kirefu cha pampu, na foraji inataka umeme, na umeme wa shirika la SNEL una siku zake. Komisioneri, yaani dalali wa nyumba, hatakuambia hayo. Atakufungulia geti, atakuonyesha vigae, na atakuhesabia vyumba. Yule aliyetupeleka katika komini ya Annexe, upande wa kaskazini, alitufikisha kwenye nyumba nzuri kwa kweli, yenye veranda pana na mwembe uliokomaa, na ukuta uliopakwa rangi mpya. Rangi hiyo lakini ilikuwa ya aina mbili: kuanzia chini hadi urefu wa goti ilikuwa nzito na yenye kung'aa, na juu yake ilikuwa rangi ya kawaida. Mke wangu alikwaruza kidogo kwa ufunguo, na chini yake likatokea tope kavu. Kisima kilikuwa nyuma ya nyumba, na kutoka kisimani hadi choo cha jirani palikuwa na hatua chache tu; ukuta peke yake ndio uliovitenganisha. Mama mmoja aliyekuwa akianika sombe, majani ya muhogo, upande wa pili alitutazama, akamtazama komisioneri, kisha akasema polepole: "Papa, mu mvula hapa mayi inaingiaka mpaka mu manyumba." Komisioneri alicheka na kusema kwamba mama huyo anataka kuwauzia ndugu zake.

Mvua zetu huanza kushika kasi mwezi wa Novemba na kuendelea hadi Machi au Aprili, kisha hufuata kiangazi kirefu ambacho ardhi yote huonekana ngumu na salama. Haishangazi kwamba nyumba nyingi za bondeni huwekwa sokoni kati ya Juni na Septemba. Mimi nashauri lupangu litembelewe mwezi wa Januari, saa chache baada ya mvua kubwa, na ikiwezekana kwa miguu kutoka barabara kuu, kwa maana gari hukuficha mambo. Mji huu umelala juu ya uwanda, kwa hiyo watu husahau kwamba una mabonde: mto Lubumbashi wenyewe, Naviundu, Kafubu na vijito vyao vina kumbukumbu kuliko kadasta, ofisi ya upimaji wa ardhi.

Katika mji wa shaba, tena, maji yanayoingia ndani si lazima yawe ya mvua. Mwanzoni mwa Novemba 2025 maji machafu kutoka bwawa la kiwanda cha madini yalivunja kingo na kutiririka katika mitaa ya Annexe, upande huohuo wa Kasapa ambao tunausifia kwa hewa yake safi. Serikali ilisimamisha kazi za kampuni iliyohusika. Lakini aliyekuwa amechimba kisima katika njia ya maji hayo hawezi kukisimamisha kisima chake akachukua kingine. Tangu hapo nimeongeza swali moja katika orodha yangu, nalo ni hili: juu ya mlima huu kuna nini? Wanunuzi hutazama kushoto na kulia kwa majirani, na wachache hupanda kutazama kule maji yanakotoka.

Upepo nao una historia. Bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali, na mlima mweusi wa masalia ya madini ulio karibu nalo tumevifanya picha ya mji, na wageni hupiga picha wakiwa wamevipa mgongo. Kiwanda kile kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa, na kwa miongo mingi moshi wake ulisukumwa na upepo unaovuma zaidi kutoka kusini-mashariki. Kwa sababu hiyo ardhi iliyo kaskazini-magharibi ya kiwanda ndiyo iliyobeba mzigo. Wataalamu wa kilimo wa chuo chetu wamefanya kazi miaka mingi katika udongo wa Penga Penga na maeneo ya jirani, wakikuta shaba, risasi na kadimiamu, na wakijaribu nyasi zinazoweza kuota hapo. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2009, uliofanywa na madaktari wa hapa pamoja na wenzao wa Ubelgiji, ulikuta katika mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda viwango vya juu sana vya kobalti na metali nyingine, na watoto walikuwa na hali mbaya kuliko watu wazima. Sisemi kwamba watu wa mitaa hiyo wahame. Nasema kwamba mtu mwenye watoto wadogo, anayetaka bustani ya mchicha na kuku wa kutembea uani, aulize udongo ulikuwa wapi wakati moshi ulipokuwa ukipita. Ni ajabu kidogo kwamba maarifa haya yamezalishwa na chuo chenyewe, na wafanyakazi wa chuo hununua viwanja bila kuyasoma.

Tuje kwenye karatasi, maana hapa ndipo fedha nyingi za Lubumbashi hupotelea. Tangu sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote ni mali ya Serikali, na haiuzwi. Unachonunua ni jengo pamoja na haki ya kutumia ardhi iliyo chini yake: raia wa Kongo anaweza kupewa haki isiyo na mwisho, ilhali mgeni au kampuni hupewa ya miaka 25 inayoweza kufanywa upya. Haki hiyo haisimami mbele ya sheria mpaka iandikwe katika sertifika inayotolewa na konsevateri, yaani msajili wa hati za ardhi. Mkataba wa mauzo uliotiwa sahihi kwa shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, hata ukiwa na mihuri mitatu na mashahidi sita, unathibitisha tu kwamba ulimpa mtu fedha. Katika Annexe, ambayo imeuzunguka mji wote kama mkanda, viwanja vingi vilianzia kwa machifu wa kimila, na karatasi ya chifu ni mwanzo wa safari ya kwenda kwa konsevateri. Haiwi mwisho wake.

Jambo moja ambalo wanunuzi hawalitazami ni tarehe ya sertifika. Kwa kawaida, hati hiyo ikitimiza miaka miwili bila kupingwa, anayeona amedhulumiwa hawezi tena kudai nyumba, hubaki kudai fidia. Basi sertifika ya mwaka jana, iliyotoka ikiwa bado na harufu ya wino, na muuzaji mwenye haraka, ni vitu viwili ambavyo visikutane mezani kwako. Nenda mwenyewe kwa konsevateri, si kwa kumtuma komisioneri, ukaombe kujua nani ameandikwa na kama kuna deni au pingamizi. Utazungushwa, utaambiwa mhusika ametoka, urudi kesho. Rudi kesho.

Katika komini za zamani kama Katuba, Kenya, Kamalondo na sehemu za Ruashi, utaonyeshwa karatasi ya aina nyingine, yaani kile kitabu kidogo cha mwenye nyumba kilichorithiwa tangu wakati wa wakoloni, ambacho wengi bado hukiita "livret". Watu hukidharau. Lakini sheria hiyohiyo ya 1973 ilikitambua: raia mwenye kitabu halali, katika eneo lililopimwa, anaweza kupata haki isiyo na mwisho. Kwa maoni yangu kitabu cha namna hiyo, katika mtaa ulionyooshwa kwa kamba tangu kuzaliwa kwa baba zetu, ambapo kila jirani anajua mpaka uko wapi, kina nguvu kuliko ramani ya rangi ya kiwanja cha Annexe ambacho bado kina vichuguu. Hatari yake iko kwingine, nayo ni familia. Aliyeandikwa kwenye kitabu mara nyingi amekwisha kufa, na anayekuuzia ni mtoto wake wa pili, anayeishi humo. Sheria ya familia inawapa watoto wote wa marehemu haki, na mjane ana haki yake ya kuendelea kukaa. Ukimlipa mmoja, wengine watakuja na mabegi yao.

Bado nazitetea komini hizo. Kutoka Katuba unafika sokoni kwa miguu, shule ziko za kila aina, na usiku barabara ina watu, jambo ambalo kwa binti anayerudi kutoka maktaba ni ulinzi kuliko ukuta wenye vipande vya chupa. Kasoro nazijua. Viwanja ni vidogo, lupangu moja hukaa familia tatu, sherehe ya jirani huanza Ijumaa na kwisha Jumapili, na ukikaa Kamalondo, siku timu ya mpira ya Mazembe inapocheza nyumbani usipange kupumzika mchana. Nauli ya kwenda Kasapa ni ya magari mawili. Nimeiweka nauli hiyo kwenye hesabu ya mwaka mzima, nikailinganisha na gharama ya foraji, tangi, pampu na jenereta, na hesabu haikuelekea Kasapa.

Golf, Makomeno na Bel-Air nimeziacha kwa sababu mwenye uwezo wa kununua huko hahitaji ushauri wangu. Nitasema tu kwamba hata huko muulize mlinzi wa jirani kuhusu maji. Walinzi ndio wanaoamka saa tisa ya usiku kujaza mapipa.

Mke wangu hajakubaliana nami kwa yote. Yeye bado anautaka ule mwembe, na anasema ukuta unaweza kuinuliwa na kisima kuhamishwa. Kwa sasa tumefika mbali zaidi na lupangu moja la Katuba, lenye nyumba ya vyumba vitatu inayohitaji paa jipya upande wa jikoni. Kitabu kipo, jina ni la mzee aliyefariki, na watoto ni watano. Wanne wameweka sahihi mbele ya mthibitishaji. Wa tano yuko Likasi, na kila akipigiwa simu anauliza kwanza dada yake mkubwa amepata kiasi gani. Papa anayesimamia mauzo ametuomba tutoe nusu ya fedha ili "kumlainisha" huyo wa Likasi. Tumemjibu, kwa heshima zote, kwamba tutapanda gari siku ya Jumamosi tukaongee naye wenyewe, na fedha zitabaki benki mpaka sahihi ya tano ikauke.